Nani Hajui Kupumua?

Ndama wa Rebeccah alikuwa amekula vitu vingi tangu azaliwe. Alikula kofia ya mtu wa chanjo, akala kalenda ya kanisa kuanzia Agosti mpaka Krismasi, akala na soksi moja ya kijana aliyekuja kuposa, na huyo kijana hajaonekana tena upande huu wa Chepilat. Lakini hakuna siku alipoleta balaa kama asubuhi ile ya Alhamisi, alipokula mpira wa hospitali.

"Chepchirchir!" mzee Kipkorir aliita kutoka uani. "Kuja haraka! Dawa yangu imemezwa!"

Chepchirchir alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Ndama alikuwa amesimama kando ya ua wa miiba ya kayaba, macho yamefumba nusu kwa raha, na ncha ya mpira mwembamba wa plastiki ikining'inia mdomoni mwake kama sigara ya bwana mkubwa. Msichana akaushika akavuta. Ndama naye akavuta. Kati ya wale wawili, ndama ndiye aliyekuwa na nia.

"Imeenda, Kugo," Chepchirchir alisema akibaki na kipande cha urefu wa kidole. Kugo ndilo jina Wakipsigis wanalomwitia babu.

"Sasa mimi nitapuliza na nini? Mkia yake?"

Si jambo la kuchekwa, ingawa Rebeccah, mke wa mzee, alikuwa tayari amekaa chini akishika mbavu. Kipkorir alikuwa amelisha kuni boila ya kiwanda cha chai maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani na kifua kilichonguruma kama gunia la mahindi likiburutwa sakafuni. Mvua za mwaka huu zilimlaza hospitalini. Huko ndiko walikomkuta Jackton, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mrefu kama nguzo ya simu, aliyefanya kazi ambayo hapa kilimani hakuna aliyewahi kuisikia. Hakuwa daktari. Hakuwa nesi. Alizunguka na mitungi ya oksijeni na mipira, akifundisha watu wazima kupumua.

Yeye ndiye aliyempa Kipkorir chupa ya maji na ule mpira. Puliza, mzee, maji yachemke bila moto, asubuhi na jioni, makohozi yatalegea yatoke. Na Chepchirchir, aliyekuwa amepelekwa kumlinda babu yake, akapenda pale pale. Si Jackton, kama Rebeccah alivyohofu wiki nzima, bali kazi yake. Alimfuata kitanda hadi kitanda mpaka Jackton akamuuliza, "Kwani wewe ni mgonjwa ama ni mkaguzi?"

Siku moja Jackton alihangaika kumweleza mzee namna ya kubana midomo na kutoa pumzi polepole. Mzee akawa anapuliza kama anayezima nyumba inayoungua. Chepchirchir akasema, "Kugo, puliza kama unapoza chai na hutaki imwagike." Mzee akapuliza vizuri kabisa. Jackton akageuka.

"Hiyo nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Sisi ni watu wa chai."

Kufikia mwisho wa wiki, wodi yote ilikuwa inapoza chai ambayo haikuwepo. Na Jackton ndiye aliyemwambia kuna chuo Nairobi kinachofundisha tiba ya kupumua, kwamba nchi nzima watu wa kazi hiyo ni wachache kuliko simba, na kwamba mtu akizaliwa nayo anajulikana. Chepchirchir aliomba nafasi, akaipata. Alipoipata aliruka juu hivi kwamba kuku hawakutaga siku mbili.

Kilichobaki ni karo, na karo ilikuwa mikononi mwa kanisa. Kila mwaka kanisa la pale kilimani lilichagua kijana mmoja na kumsomesha, kisha arudi ahudumie watu. Mwaka huu kamati ilikuwa imemkubali Chepchirchir shingo upande, maana mwenyekiti wake, Mzee Robert, alikuwa na swali moja alilolirudia mwezi mzima, sokoni, kisimani, hata kwenye matanga.

"Kozi ya kupumua?" angesema. "Nani hajui kupumua? Hata ndama ikizaliwa inapumua bila diploma."

Watu wakacheka. Jina lingetangazwa Jumapili. Na leo ilikuwa Alhamisi, mpira umo tumboni mwa ndama, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, na kifua cha mzee kimeanza kuburuta gunia lake.

*

"Jackton ako likizo mpaka Jumatatu," Chepchirchir alisema baada ya kupiga simu. "Tutafute kitu ingine ya kupuliza."

Walijaribu bua la mboga ya malenge, likapasuka. Walijaribu kalamu iliyotolewa wino, mzee akalalamika anabusu chupa. Ndipo macho yake yalipopanda juu ya dirisha la jiko, mahali Rebeccah alipoanika vitambaa vyake vya vyombo tangu enzi na enzi.

"Rebeccah," alisema polepole. "Hiyo kitu umeanikia nguo si ni mrija yangu?"

Ulikuwa ndio wenyewe. Mrija mrefu wa kunywea pombe, ule wazee wa zamani waliotumbukiza chunguni wakiwa wamekaa duara, kila mtu na wake, wakivuta busaa kutoka mbali kama wafalme. Mrija huo ulikuwa wa baba yake Kipkorir. Siku Kipkorir alipookoka, mbele ya kanisa zima, alitangaza kwamba mrija umechomwa.

"Nilikupea uchome!"

"Nichome mti mzuri hivyo?" Rebeccah hakuona haya hata kidogo. "Kamba ya nguo ungeninunulia wewe?"

Chepchirchir akaushusha, akauchungulia kwa ncha moja, akaona mwanga kwa ncha ya pili. "Kugo, hii ni sawasawa! Nikikata kipande hapa..."

"Ukate?" Mzee akaukumbatia. "Mrija ya baba yangu?"

Basi haukukatwa. Ulioshwa kwa maji moto na sabuni nyingi, nje na ndani. Lakini chupa ya plastiki haikuweza kuubeba. Kila mrija ulipoingia, chupa ilianguka. Wakaleta sufuria, ikawa pana mno. Mwishowe Rebeccah akatoa chungu cha udongo walichonyweshea kuku, kikasuguliwa kwa sabuni ile ile, kikawekwa maji kiasi alichopima Jackton, kikasimama uani imara kama chifu.

Sasa tazama mwenyewe. Mzee kwenye kigoda, kofia imeinama kisogoni, jua limechomoza. Mbele yake, mbali kidogo, chungu. Kutoka chunguni, mrija mrefu mpaka mdomoni. Akapuliza. Maji yakaguruma, na sabuni iliyobaki ikafanya kazi yake: povu likapanda, likajaa, likamwagika ukingoni likitiririka kwa fujo zote za busaa iliyoiva. Mzee akakohoa, akatema, akahisi kifua kimefunguka kama mlango wa ghala, na kwa furaha akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika boma lile tangu enzi za boila.

"Tena, Kugo!" Chepchirchir alipiga makofi. "Mpaka mstari wa wimbo uishe!" Akamwimbia wimbo wa kanisa wa kumpimia pumzi.

Hapo ndipo, upande wa pili wa ua, kikapu cha majani ya chai kilipopita kikiwa mgongoni mwa Mama Yunia wa Umoja wa Akina Mama. Kikapu kikasimama. Kikarudi nyuma hatua. Kisha kikaondoka kwa mwendo ambao mwanariadha yeyote wa Kericho angeutamani.

*

Kijumba cha kununulia majani kilikuwa chini ya kilima, na habari huko husafiri kabla ya lori. Chepchirchir alipofika Ijumaa na majani ya nyumbani kwao, wanawake waliokuwa kwenye foleni walisogeza vikapu vyao kidogo, kama mtu anavyosogeza sketi akipita kwenye matope.

"Chamgei," alisalimia.

"Chamgei," mmoja alijibu, bila kumtazama. Mwingine akauliza kwa upole uliojaa pilipili, "Ati ya kwenu ni ya mahindi ama ya wimbi?"

"Nini ya wimbi?"

Karani wa mizani akainua gunia lake, akalinusa mbele ya watu wote. "Hii ya kwa Kipkorir nipime kama majani ama nipime kama busaa?"

Kicheko kikapasuka. Kufikia hapo hadithi ya Yunia ilikuwa imeota mikono na miguu. Wazee walikuwa saba kuzunguka chungu. Mmoja alitoka mbali, Kipkelion, akiwa amebeba mrija wake begani. Walikuwa wakiimba nyimbo za kanisa kwa maneno mengine, na msichana ndiye aliyekuwa akiwapigia makofi. Hilo la mwisho, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli.

"Ni maji!" Chepchirchir alisema. Masikio yalimwaka moto. "Kugo ni mgonjwa wa kifua. Anafanya mazoezi ya mapafu."

"Mazoezi!" alisema mama mmoja akijipangusa machozi. "Hata bwanangu alikuwa anafanya hiyo mazoezi, mpaka ini ikaisha."

Alipanda kilima na gunia tupu. Kwa mara ya kwanza tangu apate ile nafasi, alijiona kama Mzee Robert alivyomwona: msichana aliyetaka kusomea upepo.

Nyumbani alimkuta babu yake amesimama barabarani juu kabisa, mikono kiunoni.

"Umenipita wapi?" mzee aliuliza. "Nimetoka mtoni."

"Na nani?"

"Na miguu yangu."

Chepchirchir akamtazama. Kilima kile kilikuwa na miti mingi, na kwa miaka mingi Kipkorir alisimama kwenye kila mmoja, akiushika gome na kuuangalia kama mnunuzi wa mbao, ili asionekane anatafuta pumzi. "Umesimama kwa miti ngapi?"

"Miti ya nini? Leo sikununua."

Hakujua acheke au alie. Alimweleza ya mizani. Mzee akasikiliza, akatafuna midomo, akasema watavunja chungu. Rebeccah akatoa kichwa dirishani.

"Ukivunja watasema umeficha. Na hicho chungu ni cha kuku."

"Basi tuwache kupuliza mpaka Jumapili ipite," mzee alisema. "Mtoto aende shule kwanza. Mimi nitapumua baadaye."

"Hapana," Chepchirchir alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kama siwezi kusimama na hiyo chungu hapa nyumbani, Nairobi naenda kusomea nini? Kesho asubuhi unapuliza, Kugo. Hapo hapo uani."

*

Walikuja Jumamosi. Chepchirchir aliwaona kutoka mbali wakipanda: Pastor Nicholas mbele, kijana mwepesi mwenye viatu vya kukimbilia chini ya suruali ya suti, Mama Yunia katikati, na Mzee Robert nyuma. Mzee Robert alisimama kukagua ua wa jirani. Akasimama tena, akachuma jani moja la chai na kuliangalia kana kwamba alikuwa hajawahi kuona chai. Alipofika langoni alisimama mara ya tatu, akamkagua ndama kwa muda mrefu sana.

"Ndama mzuri," alisema.

"Ficha kofia," Rebeccah alimshauri.

Wakaketi sebuleni. Rebeccah akamimina chai, ile ya maziwa mengi, akaweka kikombe mbele ya kila mmoja. Hakuna aliyekigusa. Nchi hii mtu anaweza kukunyima shamba, anaweza kukunyima salamu, mkaja mkapatana. Lakini kukaa nyumbani mwa mtu ukaiacha chai yake ipoe mbele ya macho yake, hilo husikika hadi kaburini. Chepchirchir aliona utando wa maziwa ukianza kujikunja juu ya vikombe.

"Tumekuja na huzuni," Mzee Robert alianza.

"Karibuni," Kipkorir alisema. "Hata huzuni inakunywa chai."

"Kipkorir, wacha mchezo. Mama Yunia ameona."

"Nimeona na macho yangu mbili," Yunia alisema. "Chungu. Mrija. Povu. Na alikuwa anacheka."

"Kucheka pia imekatazwa?" Rebeccah aliuliza.

"Hapo madhabahuni," Mzee Robert aliendelea, "ulisema mrija imechomwa."

"Nilimpatia mke wangu achome."

Vichwa vyote vikamgeukia Rebeccah. Yeye alikuwa akipangusa meza, wala hakusimamisha kitambaa. "Sikuchoma. Nimeanikia nguo."

"Miaka yote hii?" Pastor alishangaa.

"Pastor, kitambaa cha meza ya Bwana ni nani anafua?"

"Ni wewe, Mama."

"Na ulikuwa unafikiria inakauka wapi?"

Pastor Nicholas akatoa leso haraka akafunika mdomo, mabega yakimtikisika. Mama Yunia alishika kifua. Lakini Mzee Robert hakucheka. Alikuwa na sauti nzito, iliyoanzisha nyimbo za kanisa lile kabla hata halijapata mabati, ingawa siku hizi akianzisha aliwaachia wanawake ubeti wa pili. Akasema kwa sauti hiyo, akimtazama Chepchirchir kwa mara ya kwanza:

"Msichana, sina chuki na wewe. Lakini pesa ya kanisa haitoki kwa nyumba iko na swali. Kesho tutasoma jina ingine. Na tukisema ukweli, hiyo kozi yenyewe..." Akasimama kuvuta hewa. "Nani hajui kupumua?"

Neno lilikuwa limetoka. Jina lingine. Chepchirchir alihisi Nairobi yote, wodi, mitungi, Jackton na mipira yake, vikikunjwa kama mkeka na kutupwa kando. Miguu yake ikasimama kabla yeye hajaamua.

"Mzee, msiniamini mimi," alisema. "Mimi ni mtoto. Aminini chungu. Kiko nje, hakijaguswa tangu asubuhi. Kuja muone."

Wakatoka. Chungu kilikuwa pale pale, mrija ndani. Pastor akainama, akachovya kidole, akaonja.

"Sabuni," alisema.

"Siku hizi wanaficha harufu na sabuni," Yunia alisema, lakini hakuwa na uhakika tena. Naye akachovya. Akakunja uso. "Eh. Na ni nyingi."

Kipkorir akaketi kwenye kigoda chake kama rubani. Chepchirchir akaanza kuimba mstari wa wimbo, polepole, na mzee akapuliza. Maji yakaguruma. Povu likapanda. Mstari ukafika katikati, ukapita, ukaisha, na mzee bado anapuliza, jicho moja likiwakonyeza wageni.

"Wiki ya kwanza hospitali hakufikisha maneno mawili," Chepchirchir alisema. Alikuwa amesahau kuogopa. Mikono ilirukaruka, maneno yakamtoka mbio. "Maji inasukuma pumzi irudi kidogo, hivi, inafungua njia ndani, makohozi inatoka. Si uchawi! Kuna watu hospitali wanapumua kwa hewa ya mtungi, na anayejua kiasi gani, lini, kwa njia gani, ni mtu mmoja tu, na akienda likizo, hakuna! Hata watoto wakizaliwa kabla ya wakati wanawekewa mpira na chupa kama hii. Kama hii!"

"Hebu," Pastor Nicholas alisema, akivua koti. Aliketi, akafuta mrija kwa leso, akapuliza ubeti mzima bila kupepesa, povu likaruka mpaka kwenye viatu vyake vya kukimbilia. Akainuka akicheka kama mvulana. "Mama Yunia, wewe?"

"Mimi? Kwa mrija ya pombe? Yesu wangu!" Lakini alikuwa tayari anaweka mkoba chini. Alipuliza mpaka kilemba kikalegea, akasimama amelowa kidevu. "Inatekenya!"

"Sasa wewe, Robert," Kipkorir alisema.

"Mimi sina mchezo."

"Wewe ndio sauti ya kanisa. Ama imebaki tu ya kusema hapana?"

Watu wazima wakisutana hivyo mbele ya pastor, hakuna pa kukimbilia. Mzee Robert aliketi. Akashika mrija kwa mikono miwili. Chepchirchir akaanza mstari ule ule. Povu moja likatoka. La pili. La tatu likachungulia, likafa. Wimbo ulikuwa haujafika hata katikati. Mzee Robert alikuwa ameinama mbele, viganja kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Yunia aliacha kucheka. Kipkorir, aliyekuwa na utani mwingine mdomoni, aliumeza. Chepchirchir aliutambua mkao ule. Wodi nzima ilikaa hivyo. Na papo hapo akaelewa ua wa jirani, jani la chai, na kwa nini mtu asiyependa ng'ombe alimsifu ndama.

"Ni huu mrija," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mrefu sana, unataka ujanja. Hata Kugo ulimshinda." Kisha akachuchumaa karibu na sikio la mzee, akashusha sauti. "Usishindane nayo, Mzee. Funga mdomo. Vuta kwa pua, kidogo tu, kama unanusa chai. Eeh. Sasa bana midomo, poza. Polepole. Usimwage."

Mzee akanusa. Akapoza. Akanusa tena. Mabega yakashuka. Baada ya muda Chepchirchir akamrudishia mrija, na safari hii akaimba chini chini, akiuvuta wimbo umngoje. Povu moja. La pili. La tatu. Likafuatwa na mengine, madogo, yakipandana kwa utaratibu. Mstari ukafika mwisho.

"Tangu lini?" alimuuliza kwa kunong'ona.

Mzee Robert alitazama kilima. "Mvua ya mwaka juzi."

"Umeambia nani?"

"Ningeambia nani? Mtu ataenda hospitali aseme nini? Ati nimesahau kupumua?"

"Hiyo ndio unasema, Mzee. Hivyo hivyo. Jumatatu Jackton atakuwa amerudi, akuangalie vizuri. Chungu haitoshi."

Mzee aliinuka, akavaa kofia, akasema kamati itazungumza kesho. Wakaondoka. Lakini langoni Mzee Robert aligeuka, akarudi peke yake mpaka sebuleni, akachukua kikombe chake juu ya meza. Chai ilikuwa imepoa zamani. Akaibania midomo, akaipuliza polepole, kisha akainywa yote.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani, maana habari za chungu zilikuwa zimefika Kapsoit na kurudi. Chepchirchir alikaa kati ya babu na bibi yake. Watu wa kwenye benchi lao walikuwa wameacha nafasi pande zote mbili, ya kutosha mtu mnene. Aliyejua jina litakalosomwa alikuwa Mzee Robert tu, na Mzee Robert alipita mbele akitazama viatu vyake.

"Mwaka huu," alianza, "kamati imetuma..." Akakatika. Akafunga mdomo. Watu wakadhani ni uchungu. Ni Chepchirchir peke yake aliyeona pua ikinusa na midomo ikibana. "Kamati ilikuwa na mtu. Halafu jana asubuhi ikakosa mtu. Jana jioni ikapata tena."

"Soma jina!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Nitasoma kwa pumzi yangu. Sina ingine." Kicheko kidogo kikapita. "Nyinyi wote mmenisikia. Mwezi mzima nimeuliza, nani hajui kupumua? Nimeuliza kisimani. Nimeuliza kwa matanga. Mmecheka na mimi." Akanusa. Akapoza. "Nimepata jibu. Ni mimi."

Kanisa likanyamaza hivi kwamba ndama, aliyewafuata mpaka nje, alisikika akitafuna kitu.

"Kuna msichana amenifundisha jana, kwa kigoda, na hakuniaibisha. Kesho ananipeleka hospitali. Halafu aende hiyo shule, asome, arudi haraka, kwa maana najua siko peke yangu. Ninawaona mkikagua miti. Chepchirchir, simama."

Alisimama, ingawa hakuhisi benchi wala sakafu. Mama Yunia ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na kwa mtu aliyepuliza mrija mara moja tu kilikuwa kirefu kupita kiasi. Wengine wakadakia. Ile nafasi ya mtu mnene ikajaa watu watano, wakimshika mikono, wakimshika kichwa, wakimwuliza kama hiyo dawa inaweza kusaidia shangazi, na mtoto wa jirani, na karani wa mizani, aliyekuwa akikohoa vumbi la majani miaka yote bila kusema.

Alisafiri mwezi uliofuata. Jackton alimpima Mzee Robert, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na chupa yake mwenyewe yenye mpira, lakini mzee akasema mpira hauna heshima. Akawa anakuja kwa Kipkorir kila asubuhi. Ukipita hapo leo utawakuta wawili kwenye vigoda, chungu katikati, wakigombania mrija mmoja na kuimbiana mistari ili wapimane, na povu likitiririka mpaka kwenye chai. Hakuna anayesema neno. Yunia mwenyewe huongeza sabuni.

Na kitu cha kwanza Chepchirchir alichotuma kutoka Nairobi kilikuwa kifurushi chenye vitu viwili. Kimoja kilikuwa mpira mpya wa hospitali, na ndama aliumaliza jioni ile ile. Cha pili kilikuwa kamba ya nguo ya Rebeccah.